Kazi ya Mtani

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimekaa ofisini kwangu nikipanga zamu za walinzi. Nasema ofisi, lakini ni chumba kisicho na dirisha chini ya jengo ninalolisimamia, chenye meza moja, birika la umeme na kiti kinachoyumba. Simu ikaita. Nilipoona jina la Mwalimu Sefu wa Pangani, niliiacha iite kwanza. Mwalimu Sefu ni mtu mwema, lakini kwa miaka yote tuliyofahamiana alikuwa amenipigia simu mara moja tu, na simu hiyo ndiyo iliyoniharibia mwaka ninaotaka kuueleza hapa. Alinisalimu kama wanavyosalimu watu wa pwani, hana haraka. Akauliza kazi, akauliza joto la Doha, akauliza wenzangu. Nilijibu kila swali "salama" huku nikisubiri. Mwishowe akashusha pumzi.

"Bwana Rajabu, ndugu yako Mbwana ametutangulia. Alfajiri hii. Tunamsitiri saa kumi, inshallah. Sasa binti yake Mwanaidi yuko huko kwenu, na sisi tumekubaliana hakuna wa kumpigia. Wewe ndiye mtu mzima aliye karibu naye. Nenda ukamwambie. Lakini taratibu. Anza na kuumwa."

Kwetu mtu hapigiwi simu ya msiba wake mwenyewe. Anatafutwa mwenzake aliye karibu, anaambiwa yeye kwanza, naye ndiye anayemfikishia mfiwa kidogo kidogo: kwanza mgonjwa anaumwa, halafu hali si nzuri, halafu hebu kaa chini tuzungumze. Ni desturi ya huruma. Inamkinga mtu asianguke peke yake barabarani, ugenini, simu ikiwa sikioni. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeitumia vibaya, na mtu huyo ni mimi. Maneno ya Mwalimu Sefu asubuhi ile yalikuwa yale yale ya miaka kumi na tatu iliyopita, "taratibu, anza na kuumwa," na kwa sauti ile ile ya mwalimu wa shule anayetoa zoezi. Nilikata simu, nikakaa nikitazama karatasi ya zamu bila kuiona.

Mwaka ule nilikuwa mlinzi wa lango katika chuo kimoja cha jamii hapa Doha. Siku za kazi wanafunzi walipita mbele yangu bila kuniona, na sikuwalaumu, mlinzi mzuri ni yule asiyeonekana. Lakini Ijumaa baada ya swala chuo kilikuwa kitupu, isipokuwa ukumbi mmoja mdogo wenye mapazia meusi, ambako Ustadh Hatim, Msudani mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwafundisha uigizaji watu waliokuwa na kazi zao mjini. Ijumaa ya kwanza nilisikia mle ndani watu wakiguna na kukoroma. Nikadhani kuna ugomvi, nikaingia mbio na redio yangu mkononi. Nikawakuta watu wazima kumi na wawili wamelala chali sakafuni, Wafilipino, Wanepali, Wahindi, na dada mmoja Mkenya, wanapumua kwa sauti. Ustadh akanitazama kichwa chini miguu juu, maana na yeye alikuwa amelala. Akasema kwa Kiarabu chake cha polepole, ambacho hata mimi nilikielewa, "Ama funga mlango, ama lala chini." Nilifunga mlango. Ijumaa iliyofuata nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaenda kulala chini.

Nilipokieleza hicho kisa chumbani, Mbwana alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani umelipiwa tiketi kutoka Tabora uje ulale sakafuni?" Mbwana alikuwa dereva wa basi la kampuni yetu, Mzigua wa Pangani, kitanda chake juu, changu chini. Mimi ni Mnyamwezi. Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa: Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Aliniita mpagazi wake, kwa kuwa mababu zangu walibeba mizigo hadi pwani kwao. Mimi nilimwambia mababu zake walikuwa wanakaa tu kwenye mchanga wakisubiri mababu zangu wawaletee kitu cha kula. Aliniibia asali yangu ya Tabora mchana kweupe, akanishukuru kwa kumwekea akiba. Katika nchi ambamo kutwa nzima unasema ndiyo bwana, hapana bwana, jioni kupata mtu wa kukutukana kwa haki yake ni neema kubwa. Wiki ya tatu alikuja naye darasani, kwa kisingizio cha kuja kuona mpagazi wake anavyoaibika. Hakukosa tena hata siku moja.

Chumba chetu kilikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, Industrial Area, watu sita, vitanda vya ghorofa vitatu, kila kitanda kimezungushiwa pazia la kanga au shuka ili mtu apate kunyoa ndevu zake bila mashahidi. Mapazia yale yalizuia macho tu. Tulisikia kila kitu. Tulisikia mtu aliyeshinda juani akimwambia mkewe, "Hapa kuna kiyoyozi, nasikia hata baridi." Tulisikia mwingine aliyekula mkate wa kubusi mkavu na chai akimweleza mwanawe kuhusu kuku wa kukaanga. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa hayo. Nikifikiri sasa, chuo changu cha kwanza cha uigizaji kilikuwa mle chumbani, na sote tulikuwa walimu. Mbwana peke yake hakuwa na uongo wa simu, kwa sababu mama yake hakumpa nafasi. Kila Alhamisi baada ya magharibi alimpigia, na sauti ya yule bibi ilijaa chumba kizima, maana aliamini kwamba kwa kuwa Doha ni mbali, lazima apaze sauti ifike. Alikohoa kwanza mara mbili, khm, khm, kama mtu anayetaka kuhutubia. Kisha akasema, "Umekula?" Hakungoja jibu, akahamia kwenye ugali wake wa muhogo. "Mimi nimepika bada, na samaki nimempata mzuri. Na yule Mnyamwezi wako, hajambo? Mwambie asikubali uonevu." Nilikuwa najibu kutoka kitanda cha chini, "Sijambo mama, shikamoo," naye akasema marahaba, akacheka. Sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilimpenda.

Ustadh Hatim alitufundisha mambo machache na kuyarudia. Mtazame mtu mmoja wiki nzima, yeye asijue, kisha tuletee anavyokaa, siyo anavyosema. Pumua kabla ya neno. Na hili alilipenda kuliko yote: mwenye huzuni halii jukwaani, mwenye huzuni anajitahidi asilie, na kujitahidi huko ndiko watu wanakokuona. Alitufundisha namna ya kuificha hofu kwenye mikono, kwa kuipa mikono kazi, kukunja kitambaa, kumenya chungwa, yoyote ile. Nililipokea somo hilo vizuri mno. Hata leo nikiwa na jambo zito utanikuta nafuta meza.

Kuelekea mwisho wa mwaka akasema kila kundi litayarishe igizo fupi kwa lugha yake. Watu wa Kiswahili tulikuwa watatu: mimi, Mbwana, na yule dada Mkenya, Nafula, aliyefanya usafi hotelini Al Sadd na kila Ijumaa alitufikia akitoka kanisani Mesaimeer, bado ana kitabu chake cha nyimbo kwenye mkoba. Igizo lilikuwa la mama anayepigiwa simu na mwanawe wa Uarabuni, na jirani anayemnyang'anya simu kila anapotaka kuongea. Nafula alikuwa jirani. Mimi nilikuwa mwana, nimesimama pembeni ya jukwaa na simu sikioni, kazi yangu kusema "Haloo mama, haloo" na kukatishwa. Na mama alikuwa Mbwana. Alijifunga kanga, akafunga kilemba, akakaa kwenye kigoda, akaishika simu mbali na uso kama mtu asomaye barua, akakohoa mara mbili, akapiga ukelele, "Umekula?" Siku ya kwanza alipofanya hivyo, Ustadh, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Alisema, "Huyu mama namjua. Ni mama yangu, yuko Omdurman."

Kisha akatwambia jambo lililonikosesha usingizi. Mkuu wa chuo angekuja kutazama, na chuo kingetoa nafasi moja kwa mtu wa darasa la Ijumaa: mwaka mzima wa masomo ya jioni, cheti, na barua ya kumwombea ruhusa kwa kampuni yake. Nafasi moja, kwa atakayewagusa. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na nilikuwa nimechoka kusimama langoni nikifungulia wengine mlango wa kitu ninachokitaka mimi. Niliitaka nafasi ile kwa kiasi ambacho sikumwambia mtu, hata Mbwana. Yeye aliichukulia kama mchezo wa karata tu. "Ukiipata wewe, mpagazi, utanibebea vitabu. Nikiipata mimi, utanibebea vitabu vile vile."

Igizo lilipangwa Ijumaa. Alhamisi yake asubuhi, nikiwa langoni, Mwalimu Sefu, mume wa dada yake Mbwana, alinipigia. Namba yangu aliitoa kwenye simu ya bibi mwenyewe, ambako iliandikwa "Mnyamwezi". Mama alikuwa ameamka kuswali alfajiri, akakaa, hakusimama tena. Wangemzika saa kumi. Niende nikamwambie Mbwana, taratibu. Ndugu wote wameambiwa wasipokee simu yake mpaka mimi nitoe taarifa kwamba ameshajua.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana vinginevyo hakuna haja ya kuandika. Nilipokata simu nililia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini yalipokauka, wazo la kwanza lililokuja halikuwa la Mbwana. Lilikuwa: kesho hataweza kucheza, na bila yeye hakuna igizo, wala nafasi yangu. Na wazo la pili lilikuja limevaa nguo nzuri ya desturi: kwani si wamesema taratibu? Mtu hubebwa pole pole. Akijua leo, kule hafiki, mazishi ni saa kumi. Basi ajue kesho, akiwa ameshakula, akiwa na wenzake. Nilijihubiria langoni pale mpaka nikaongoka.

Saa tisa alasiri tulikutana ukumbini kwa zoezi la mwisho. Mbwana alikuwa amepaki basi na alikuja na kanga mpya aliyoinunua makusudi, ya rangi ya chungwa, kwa sababu mama yake aliipenda rangi hiyo. Ustadh alitusimamisha, akatupumuisha, tukaanza. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, juu ya mlango, na mimi ndiye niliyekuwa nimeielekea. Ilipofika saa kumi Mbwana alikuwa katikati ya jukwaa na kanga yake, anakohoa mara mbili, anapiga ukelele, "Umekula? Mimi nimepika bada!" na watu wa makundi mengine wanagonga sakafu kwa kicheko. Nami nikasema mstari wangu. "Haloo mama. Haloo." Nikaipa mikono kazi, nikakunjua na kukunja kola ya shati. Ustadh alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Leo, Rajabu, leo umeelewa."

Nafula hakuwa na shaka na sanaa yangu, alikuwa na shaka na mimi. Aliningoja koridoni. "Wewe Raja, uko sawa kweli? Unakaa mtu amemeza mawe." Nikamwambia. Sikuweza kubeba peke yangu. Aliweka mkono mdomoni. "Mungu wangu. Na umemwacha akacheza hivyo? Enda umwambie saa hii."

"Dada Nafula, kwetu ni taratibu. Ni desturi."

"Desturi gani? Kwetu mtu akifiwa tunapiga nduru, majirani wote wanajua. Lakini hata yenu naiheshimu, kama ni ya kumwambia polepole. Wewe humwambii polepole, humwambii kabisa. Hiyo si desturi, Raja. Hiyo ni show yako."

Nilimwambia haelewi mambo ya Waislamu. Ni moja ya sentensi ninazotamani ningeweza kuzirudisha kinywani. Alichukua mkoba wake akaondoka, na hakumwambia Mbwana kwa kuwa aliona si haki yake kumtangulia mtani.

Magharibi ile Mbwana alipanda kitandani kwake na simu, kama kila Alhamisi. Nikasikia ikiita hadi ikakatika. Akapiga tena. Akampigia dada yake, hakuna. Akampigia Mwalimu Sefu, hakuna. Akachungulia chini kupitia kati ya pazia na nguzo. "Mpagazi, mbona Pangani nzima imelala?" Nilikuwa namenya chungwa. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, kama tulivyofundishwa, nikasema bila kuinua uso, "Si umeme umekatika kule? Nimesikia tangu jana. Simu zao zitakuwa hazina chaji." Nikampa nusu ya chungwa. Akalipokea, akala, akasema hawa watu wa umeme watakuja kumuua mama yake na joto. Sijawahi kuigiza vizuri kama dakika ile, na watazamaji walikuwa mtu mmoja.

Ijumaa Nafula alikuja na macho mekundu, akacheza sehemu yake bila kumtazama mtu yeyote. Ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo alikaa mstari wa mbele, na nyuma walikaa watu wa kambi waliokuja kwa basi. Mbwana alipokohoa mara ya pili watu walishaanza kucheka, na alipoishusha simu mwishoni, baada ya jirani kumaliza kila kitu, akaitazama tu, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwa tumeifanyia zoezi, "Hajaniambia kama amekula," nikamwona Mnepali mmoja akifuta uso kwa mkono wa shati.

Baadaye tulikaa watatu kwenye sakafu ya koridoni nyuma ya jukwaa, na chapati alizoleta Nafula na chai ya karaki kwenye vikombe vya karatasi. Ustadh alitokea mlangoni akiwa ametabasamu, akaenda moja kwa moja kwa Mbwana, akamwekea mkono begani, akasema nafasi ni yake. Mbwana hakuamini. Alinikumbatia mimi, siyo Ustadh. "Umesikia? Beba mizigo, mpagazi! Nampigia mama sasa hivi, umeme usiporudi nitautukana." Na akatoa simu.

Nikasema, "Mama anaumwa kidogo."

Mkono wake ukasimama. Mtu wa kwetu akiambiwa hivyo na mwenzake, ana kwa ana, kwa sauti ile, hahitaji hatua ya pili. Aliiweka simu chini, polepole. "Rajabu. Usinipandishe ngazi. Amekufa lini?"

"Jana. Alfajiri."

"Wamemzika saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akatazama mfuko wa nailoni ambamo kanga ya rangi ya chungwa ilikuwa imekunjwa. Niliona anahesabu. Nafula alikuwa ameanza kulia kwa sauti. Mbwana hakulia. Aliniuliza tu, "Na wewe ulijua tangu saa ngapi?" na nilipomjibu, akatikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayekubali bei. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo miaka kumi na tatu. "Kwetu mtani ndiye anayemwigiza marehemu. Anavaa nguo yake, anatembea alivyotembea, wafiwa wanacheka, wanapumua. Hiyo ilikuwa kazi yako, Mnyamwezi. Ukaniachia niifanye mwenyewe. Mimi, mtoto wake. Tena bila kujua kama nimefiwa."

Alikuwa na haki kwa kila neno. Jioni hiyo wenzetu wa vyumba vingine walikuja kutusomea khitma, wakakaa mpaka kwenye ngazi, wakaleta kahawa na tende. Palikuwa na watani wake wengine wa bara, wakanisukuma kwa macho, haya Mnyamwezi, fanya kazi yako. Sikuweza. Nilikaa karibu na mlango nikipanga viatu vya watu. Walipoondoka, Mbwana alimshukuru kila mmoja mkononi, na alipofika kwangu akasema, "Ahsante sana, Bwana Rajabu."

Hakuwahi kuniita Bwana kabla ya siku hiyo, na tangu siku hiyo hakuniita kitu kingine. Wala asidhani mtu kwamba alinichukia. Aliendelea kulala kitanda cha juu, aliniwekea chakula nikichelewa kazini, aliniazima hata shati. Lakini hakunitania tena. Asali yangu ilikaa kabatini haijaguswa mpaka ikaganda. Nafasi ya masomo hakuichukua. Alimwambia Ustadh kwamba mama yake hakumpa ruhusa, na Ustadh, ambaye alikuwa ameshaelezwa na Nafula, hakumbembeleza. Mimi sikurudi darasani. Mkataba wa Mbwana ulipoisha miezi michache baadaye alirudi Pangani. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, tukapeana mkono kama viongozi. Kwa miaka yote iliyofuata alituma ujumbe wa sauti kila sikukuu. Alikohoa mara mbili kabla ya kuanza, sijui kama alijua kwamba anafanya hivyo, kisha: "Eid Mubarak, Bwana Rajabu, wewe na wenzako." Na mwaka jana: "Bwana Rajabu, binti yangu anakuja huko kufanya kazi ya hotelini. Nakuomba uwe baba yake mdogo." Nilikaa na ujumbe ule siku mbili kabla ya kuujibu. Alinikabidhi mtoto aliyempa jina la mama yake.

Jumanne hiyo ya msiba wa Mbwana nilipanda treni kwenda Al Sadd. Katikati ya safari nilijikuta natazama kioo cha dirisha na kupanga uso, nyusi hivi, midomo hivi, pumua. Niliona aibu, nikageuka nikatazama viatu vya watu hadi tukafika. Msimamizi wa kufulia hotelini, mama Mfilipino, alinielewa kabla sijamaliza, akatupisha kwenye stoo ya mashuka. Mwanaidi aliingia akifuta mikono kwenye aproni, msichana wa miaka ishirini na tatu, mrefu kama baba yake.

"Shikamoo ba'mdogo. Kuna nini, mbona umenifuata kazini?"

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Akakaa juu ya furushi la taulo. Mikono yangu niliiacha wazi magotini, bila kazi. "Baba amefariki. Leo alfajiri. Wanamzika saa kumi. Sasa hivi ni saa nne na robo."

Sitaeleza kilio chake, ni chake. Ninachokumbuka ni swali lake la kwanza alipopata sauti. "Kwa hiyo bado hajazikwa?"

"Bado."

"Bado," akarudia, na akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Nilimpigia Mwalimu Sefu, nikamwambia nimeshamweleza wazi, na saa kumi ashike simu makaburini. Alinung'unika kwamba nimeharakisha. Nikamwambia, "Mwalimu, safari hii nimewahi."

Saa kumi tulikuwa tena stoo, na dada wawili wa zamu yake wamemshika mabega. Picha ilikatikakatika ikapotea, ikabaki sauti. Tukasikia watu wakisema laa ilaaha illa llah, tukasikia majembe, tukasikia udongo unavyoanguka juu ya mbao, kisha juu ya udongo mwenzake. Majembe yalipokoma, Mwanaidi akasema, "Kwetu wanawake hatufiki kaburini. Mimi nimefika." Kisha akanigeukia, uso umevimba. "Ba'mdogo, wewe si ndiye Mnyamwezi? Baba alisema nikipatwa na jambo lolote huku nisihangaike. Nimtafute mpagazi wetu."

"Alisema hivyo? Mpagazi?"

"Kila siku. Nyumbani hana jina jingine kwako. Alisema hata mambo mazito utayabeba."

Nililia basi, mbele ya wasichana wale na mashuka yao, mtu mzima mwenye mvi na redio kiunoni. Nililia kwa furaha na kwa hasira, kwamba alikuwa nalo jina langu muda wote huo na hakunirudishia mkononi. Mwanaidi alinisubiri nimalize. Yeye ni Mzigua, anajua utaratibu. "Haya," akasema. "Na kazi yako je?"

Sikuwa nimeigiza kitu tangu wiki ile ya chungwa. Nilichukua shuka moja, nikajifunga kiunoni kama msuli wa Mbwana wa nyumbani. Nikatoa simu yangu, nikaishika mbali na uso kama mtu asomaye barua, alivyoishika yeye na alivyoishika mama yake kabla yake. Nikakohoa mara mbili. Mmoja wa wale dada, ambaye hakumjua Mbwana, akacheka bila kutaka. Mwanaidi akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, machozi na kicheko vikija pamoja kama inavyotakiwa.

"Umekula, mama?" nikapaza sauti, ili ifike.

"Sijala, baba," akajibu.